Jinsi ya Kuisikiliza Automatic for the People kwa Sikio la Mwalimu wa Ushairi

Automatic for the People, albamu ya kundi la R.E.M. la Marekani, ina nyimbo 12 na haifiki dakika 49. Ilitoka Oktoba 1992. Kwetu Mombasa iliingia kwa kaseti, mkononi mwa mjomba wangu aliyekuwa baharia na ambaye alinunua muziki kwa kutazama jalada tu. Hili lilimvutia kwa nyota yake, picha ya kijivu ya pambo lenye ncha kali lililokuwa kwenye moteli moja mjini Miami, karibu na studio ambamo kundi lilirekodi baadhi ya nyimbo. Moteli hiyo iliitwa Sinbad. Mjomba hakulijua hilo, na nilipokuja kumwambia miaka mingi baadaye alicheka mpaka akakohoa.

Mimi si mwanamuziki. Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili, na kazi yangu kubwa kwenye kipindi cha ushairi ni kuwazuia vijana wa kidato cha tatu wasiulize "shairi hili lina maana gani" kabla hawajauliza nani anasema ndani yake na anamwambia nani. Nafsineni na nafsinenewa. Ukishawatambua hao wawili, mengi hujileta yenyewe. Albamu hii nimeisikiliza kwa swali hilohilo tangu niwe mwalimu, na sijaona ufunguo mwingine unaoifaa zaidi. Karibu kila wimbo humu ni mtu anayezungumza na mtu mwingine aliyefikwa na jambo zito, na mara nyingi mmoja wao yuko karibu na kifo au ameshakufa.

Ndiyo, ni albamu ya mauti. Waliotunga walikuwa wanaume wanne wenye umri wa kati ya miaka 32 na 35, na ilipotoka watu walivumisha kwamba mwimbaji wao, Michael Stipe, ni mgonjwa hajiwezi. Hakuwa. Darasani hii ndiyo mifano ninayoipenda ninapowaeleza wanafunzi kwamba mshairi anaweza kusema "mimi" akiwa na maana ya mtu mwingine kabisa.

Kabla ya kubonyeza

Zima kile kipengele cha kuchanganya nyimbo ovyo. Mpangilio wa nyimbo hapa umefikiriwa, na kwenye kaseti na santuri pande mbili zilipewa hata majina: wa kwanza Drive, wa pili Ride. Kila upande una nyimbo sita. Ushauri wangu ni usikilize upande mmoja, usimame, uchemshe chai au utoke nje kidogo, kisha urudi kwa wa pili. Wimbo wa sita na wa saba havikuundwa vishikane, na ukiviunganisha unaupoteza mwisho wa upande wa kwanza, ambao ni mwisho hasa.

Spika ya simu haifai. Si kwamba nakuringia vifaa, maana spika za masikioni za bei ndogo, zile za waya zinazouzwa kando ya barabara, zinatosha kabisa. Tatizo la spika ya simu ni kwamba inakunyima vitu viwili: besi ya Mike Mills, ambayo mara nyingi ndiyo inayobeba wimbo wakati gitaa limenyamaza, na selo, ambayo katika wimbo wa sita ni nusu ya habari. Usiongeze sauti kupita kiasi eti kwa sababu wimbo wa kwanza unaanza chini chini. Wimbo wa nane utakuja kukushtua.

Kama programu unayotumia inakuwekea matangazo ya biashara katikati, pakua albamu au tafuta sidii. Tangazo la mkopo wa simu baada ya wimbo wa nne ni dharau kwa wote waliohusika.

Na maneno ya nyimbo yaache kwanza. Hili huwashangaza watu wakisikia likitoka kwa mwalimu wa fasihi. Lakini R.E.M. wenyewe hawakuchapisha maneno ya nyimbo zao ndani ya albamu mpaka ile iitwayo Up, ya mwaka 1998. Kwa hiyo kaseti ya mjomba haikuwa na karatasi ya maneno, na maneno unayoyakuta leo kwenye intaneti kwa sehemu kubwa yalinukuliwa na wasikilizaji kwa masikio yao. Stipe tangu ujana wake aliimba kwa kumung'unya, na ingawa kufikia 1992 alikuwa amesafisha matamshi, kuna kiitikio kimoja katika wimbo wa tatu ambacho hata Waingereza na Wamarekani hukisikia visivyo. Kiingereza chako kikikwama hapo, hukukwama peke yako. Sikiliza mara ya kwanza ukitafuta sauti ya mtu: amechoka, anabembeleza, anatania, ana hasira? Hiyo ndiyo toni, na toni haihitaji kamusi.

Kwa nini ni taratibu hivi

Ujue kidogo hali ilivyokuwa. Mwaka 1991 R.E.M. walitoa albamu ya Out of Time, na wimbo wao wa mandolini, Losing My Religion, ukawafanya kuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi duniani. Mpiga gitaa Peter Buck alitangaza kwamba safari ijayo watapiga roki ya kasi na magitaa makubwa. Mwaka huohuo kundi la roki la Nirvana lilikuwa limefungua milango ya kelele, na kila mtu alitarajia hivyo. Walipokaa kutunga, Buck, Mills na mpiga ngoma Bill Berry wakawa wanabadilishana ala: huyu kwenye mandolini, yule kwenye kinanda, mpiga ngoma kwenye besi. Ngoma isipokuwa na mwenyewe, kasi hupungua. Walirekodi muziki bila maneno, wakampa Stipe kanda, yeye akaenda kutafuta ni nani anayesema ndani ya kila kipande.

Tena hawakufanya ziara ya kuinadi. Nyimbo hazikulazimika kujaza uwanja wa mpira. Ndiyo maana unasikia gitaa kavu limepigwa karibu sana na maikrofoni, na sauti ya Stipe kama ya mtu aliyekaa kiti cha pili. Mtoto wa kaka yangu, ambaye anajua kila kitu kuhusu gengetone, aliniuliza, "Shangazi, hii mbona inazubaa?" Nilimwambia asubiri wimbo wa pili.

Upande wa kwanza

Wimbo wa kwanza, Drive, hauna kiitikio. Ukingoja sehemu ya kuimba pamoja utangoja mpaka uishe. Mtu mzima anazungumza na vijana, na huwezi kusema kwa hakika kama anawatia moyo au anawacheka. Mwache hivyo hivyo, mwenye nyuso mbili. Zingatia badala yake jinsi unavyojazwa: gitaa kavu peke yake, halafu ngoma, halafu gitaa la umeme linaingia kwa kishindo na kutoka, halafu fidla.

Wa pili, Try Not to Breathe, ndio nilioutaja kwa mtoto wa kaka yangu. Nafsineni ni mzee sana, anazungumza na watu wake, na anaomba aachwe aondoke kwa heshima. Anawaambia ameona mengi, anawaomba wakumbuke. Kichwa chake kilizaliwa kwa bahati. Buck alikuwa akirekodi karibu na maikrofoni, pumzi zake zikasikika, akasema atarudia na atajaribu kutopumua. Stipe akalidaka sentensi na kuliweka kinywani mwa mtu wa kitandani. Nikifundisha jinsi mtunzi anavyookota neno la kawaida na kulihamisha mandhari, naanzia hapo.

Unaposikiliza, angalia mapigo. Yanabembea kwa sita, mbele na nyuma, na hayana uzito wa msiba hata kidogo. Melodi karibu ni ya furaha. Huyu mzee hajililii. Wanaolia ni wale anaozungumza nao, na sisi hatuwasikii isipokuwa kwenye sauti ya Mills inayopita nyuma, kama mtu anayemjibu kutoka chumba cha pili. Rudia wimbo ukiifuata sauti hiyo ya nyuma tu. Wengi huusikia wimbo huu kwa mara ya kwanza hapo.

Wa tatu, The Sidewinder Sleeps Tonite, ni mapumziko ya kichekesho. Mtu yuko kwenye kibanda cha simu, maneno yanamtoka kwa fujo, na mahali fulani utamsikia Stipe akishindwa kuzuia kicheko. Wakakiacha ndani. Ule mwito wa mwanzo utaujua: umetoka The Lion Sleeps Tonight, na R.E.M. waliulipia, wakarekodi pia toleo lao la wimbo huo likawekwa nyuma ya singo. Lakini wimbo wenyewe asili yake ni Mbube, aliorekodi Mzulu Solomon Linda huko Johannesburg mwaka 1939. Linda alifariki 1962 akiwa maskini, na familia yake ilipata makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu. Mimi siwezi kuusikia mwito ule bila kumfikiria, na sioni kwa nini wewe uusikie bila kumjua.

Sasa wimbo wa nne. Everybody Hurts umechezwa mno. Umechezwa mazishini, kwenye vipindi vya runinga, na mwaka 2010 wasanii wa Uingereza waliuimba upya kuwachangia waathiriwa wa tetemeko la Haiti. Kama umeshauchoka, fanya hivi: jiulize anayeambiwa ni nani. Ni kijana, wa rika la wanafunzi wangu, na usiku huo amefikia kutaka kuyakatisha maisha yake. Kundi limeeleza kwamba maneno yalifanywa mepesi makusudi, kwa sababu yalilengwa kwa vijana. Stipe, bwana wa mafumbo, mtu ambaye wimbo mmoja uliotangulia alikuwa akimwaga maneno bila koma, hapa anaongea kwa sentensi fupi ambazo mtoto wa darasa la sita angezielewa. Lugha imebadilika kwa sababu nafsinenewa amebadilika. Huwezi kumpa fumbo mtu aliyesimama ukingoni.

Upande wa muziki, wimbo huu kwa kiasi kikubwa ni wa Bill Berry, mpiga ngoma, lakini mapigo unayoyasikia mwanzo yanatoka kwenye mashine ya ngoma. Baridi, sawasawa, hayana mtu. Gitaa linacheza noti moja moja juu yake. Ngoma za kweli zinakuja baadaye, pamoja na fidla, na wimbo unapata watu. Kuna mwalimu mwenzangu anayesema sehemu hiyo imepikwa kupita kiasi. Mimi nasema mtu akiita usiku na watu wakaja, acha waje kwa kelele. Video yake, iliyoongozwa na Jake Scott, ilipigwa kwenye barabara kuu ya San Antonio, Texas. Magari yamekwama, na mawazo ya kila aliyemo yanaandikwa chini ya picha. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Changamwe akitazama nyuso za walio kwenye gari la pili ataielewa papo hapo.

Wa tano hauna maneno. Ni dakika mbili na kidogo za kinanda na besi, umebeba jina la New Orleans, mmoja wa miji waliyorekodia. Pumua.

Halafu Sweetness Follows, na hapa ndipo spika za masikioni zinapolipa. Selo inaburuta chini, gitaa la umeme linalia kwa mlio mrefu wa kujirudia kwenye amplifaya, ngoma karibu hakuna. Nafsineni yuko makaburini na ndugu zake. Wanajiandaa kuzika baba na mama. Anawaambia jinsi walivyopotelea kwenye visa vyao vidogo, kila mtu na lake, hata wakasahauliana. Hakuna anayelaumiwa kwa jina. Kisha anaahidi kwamba utamu utafuata, na muziki unaendelea kulia kana kwamba haujamsikia. Sijui wimbo mwingine wa roki unaoacha ahadi na ala zipingane hivi bila kuamua nani mkweli. Katika familia yetu kuna kesi ya shamba iliyoanza siku ya arobaini, kwa hiyo labda nausikia kwa sikio lenye donda. Simama hapa. Hapa ndipo kaseti hugeuzwa.

Fidla zifuate peke yake

Siku nyingine, si siku hiyo hiyo, chagua nyimbo nne tu: wa kwanza, wa tatu, wa nne na wa kumi na moja. Hizi ndizo zilizoandikiwa ala za nyuzi na John Paul Jones, yule aliyekuwa mpiga besi na kinanda wa kundi la roki la Led Zeppelin. Ni mtu wa kelele kubwa kwa sifa, na kazi aliyoifanya hapa ni ya kujizuia.

Sisi tuliolelewa na tarabu tuna faida na kikwazo. Faida ni kwamba tumezoea kukaa kitako na kumsikiliza mwimbaji, neno kwa neno. Mtu aliyekesha na Juma Bhalo au Zein l'Abdin haambiwi maana ya mashairi ya kufikirisha. Kikwazo ni kwamba katika tarabu, hasa ile ya Unguja yenye safu ya fidla, tunangoja fidla zimjibu mwimbaji: yeye anamaliza ubeti, zenyewe zinaupokea na kuurembesha. Jones hafanyi hivyo mara nyingi. Fidla zake hukaa chini ya sauti, zikishikilia noti ndefu, na pale zinapopanda hupanda pamoja na mwimbaji. Ukizisubiri zijibu utadhani hazifanyi kazi. Sikiliza zinapoingia na zinapotoka. Mlango wa kuingilia ndio aliouchonga zaidi.

Upande wa pili

Monty Got a Raw Deal unamwambia Montgomery Clift, mwigizaji wa Hollywood aliyeharibika uso katika ajali ya gari mwaka 1956, akafa 1966 akiwa na miaka 45. Anayesema ni mtu wa baadaye, hakumjua, na hana la kumsaidia. Kujua hayo kunatosha.

Ignoreland ndio ule wa kushtua. Raia mwenye hasira anawapigia kelele viongozi wa Marekani ya Reagan na Bush mzee, sauti yake imekwaruzwa, magitaa yamejaa. Albamu ilitoka mwezi mmoja kabla ya uchaguzi wa Novemba 1992, ambao Bush alishindwa. Wengi huona wimbo huu umepotea njia, na mimi ni mmoja wao. Hasira ya namna hii inahitaji tarehe na majina, na tarehe huchakaa. Lakini usiuruke mara ya kwanza. Bila huo, wimbo unaofuata, Star Me Kitten, wa mapenzi yaliyochoka na sauti zilizolazwa tabaka juu ya tabaka, usingekuwa laini kiasi hicho. Ukishajua kazi yake, uruke kwa amani.

Man on the Moon unahitaji maelezo kidogo, kwa sababu unamzungumzia mtu ambaye kwetu hajulikani sana. Andy Kaufman alikuwa mchekeshaji wa Marekani ambaye hukuweza kujua lini anachekesha. Alimwigiza Elvis vizuri ajabu. Alipigana mieleka na wanawake akijiita bingwa. Alipofariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1984, akiwa na miaka 35, baadhi ya watu walikataa kuamini. Waliona ni mzaha wake mwingine, na kwamba siku moja atajitokeza. Wimbo unazungumza naye kana kwamba bado yuko. Unamuuliza habari. Umejaa michezo ya kubahatisha na ya ubaoni, umemtaja Musa na fimbo yake, Newton na tufaha lake, Darwin pia, na kiitikio kinacheza na swali la wale wasioamini kwamba binadamu alifika mwezini.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza ujumbe wake ni nini. Nikamwambia aache ujumbe, afikirie watani msibani. Mtani anakuja matangani, anamsimanga marehemu, anadai deni lake, anasema huyu anajifanya tu amelala. Na waliofiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hakuna anayedhani kuwa mtani hajui kwamba mtu amekufa. Stipe anamfanyia Kaufman hivyo. Ukiusikiliza kama mjadala kuhusu mwezi utauona wa kitoto. Ukiusikiliza kama utani, ule mruko wa sauti kwenye kiitikio unaleta kicheko na donge la koo kwa wakati mmoja.

Muziki wake ulikuwa tayari, ukianzia kwenye kodi mbili, yaani mafungu mawili ya noti zinazopigwa pamoja, alizozileta Berry, na maneno hayakupatikana mpaka siku za mwisho kabisa huko Seattle, wakati albamu inachanganywa. Stipe alitembea mitaani na kanda masikioni mpaka yakaja. Nawaambia hili wanafunzi wanaoleta insha siku ya mwisho, na huwa najuta papo hapo.

Nightswimming, wa kumi na moja, ndio ningekupa kama ungenilazimisha kuchagua mmoja. Katika kundi lote waliomo ni wawili tu, Mills kwenye piano na Stipe akiimba. Hakuna gitaa. Hakuna ngoma. Mwanzoni kabisa, kabla ya piano, utasikia fidla zikilinganishwa sauti kwa sekunde chache, na hawakuzikata. Piano inacheza duara moja, inazunguka na kurudi, na haifiki kiitikio kwa sababu hakuna kiitikio. Kuelekea mwisho inaingia obo, ala ya matete mawili ya ukoo mmoja na nzumari yetu, na inasema jambo moja tu kisha inanyamaza.

Nafsineni ni mtu mzima anayekumbuka kuogelea usiku na marafiki, uchi, wakiogopa kukamatwa. Ana picha ya zamani kwenye gari lake, na taa za barabarani zinaigeuza kinyume anapopita. Anamwambia nani? Hapo ndipo pa kukaa. Kuna mahali anasema "wewe" na unadhani ni yule rafiki wa zamani. Mahali pengine unaona anajiambia mwenyewe. Mara moja nililiweka swali hili mbele ya darasa zima, wakagawanyika, wakazozana mpaka kengele. Sikuwapatanisha. Kama umekulia pwani na umewahi kuingia majini usiku wa mbalamwezi, sehemu ya kazi umeshafanyiwa. Usikubali tu ikulevye, kwa sababu maneno yenyewe yana shaka: mambo yale yanapotea, yamesombwa na mambo ya kila siku, na anayekumbuka hana uhakika kama aliyekuwa naye anakumbuka.

Wa mwisho ni Find the River. Mtu aliyetangulia kidogo njiani anamwambia anayemfuata kwamba mto unaelekea baharini na kila mmoja atafika. Umejaa majina ya mimea, tangawizi, limau, nili, giligilani, na mtu wa Marikiti atahisi yuko nyumbani ingawa Stipe hakuwa na habari nasi. Sikio lako lipeleke kwenye sauti za nyuma. Mills na Berry kila mmoja alirekodi sauti yake bila kumsikia mwenzake. Berry akaja na utulivu, Mills akaja na hisia zimempanda, na zote mbili zikabaki. Kwa hiyo unachosikia si kwaya. Ni watu wawili wenye huzuni tofauti juu ya jambo moja.

Ukimaliza

Mara ya pili au ya tatu ndipo uchukue maneno. Yachapishe kama unaweza, karatasi inakubali kalamu, na kando ya kila wimbo andika mambo mawili tu: nani, kwa nani. Usiandike maana. Ambapo huna hakika, acha wazi, na usifadhaike ukipata nafasi wazi nyingi. Zingine bado nimeziacha wazi mimi.

Jina la albamu usilihangaikie. Ni kaulimbiu ya mgahawa wa Weaver D's mjini Athens, Georgia, nyumbani kwa kundi, ambako wanauza kuku wa kukaanga na chakula cha Marekani ya kusini. Mwenye mgahawa alikuwa akiwajibu wateja "Automatic" wanapoagiza. Kuna watu wamelitafutia falsafa.

Mwaka 2017 lilitoka toleo la kutimiza miaka 25, lenye rekodi za majaribio na onyesho walilofanya katika klabu ya 40 Watt ya Athens, Novemba 1992. Hizo za majaribio ziache mpaka nyimbo zenyewe zikukae kichwani. Baada ya hapo anza na ile iitwayo 10K Minimal, ambayo ni Find the River kabla haijapata jina, kisha ile ya Man on the Moon ikiwa bado inaitwa C to D Slide. Sikiliza Stipe anavyojikokota pale ambapo hajajua bado anamwambia nani.